Mama anamwekea mke wangu dawa kwenye uji bila yeye kujua, na sasa mke anataka mtoto wa pili

Shikamoo Anti,

Naomba usiniandike jina, we sema tu Baba Binti wa Tanga inatosha. Nina miaka 36, ni dereva wa fuso, napiga mizigo Tanga na Dar, mara nyingine Moshi, kwahiyo kwa wiki nyumbani nalala siku mbili au tatu. Nimeoa huu mwaka wa saba na tuna mtoto mmoja wa kike yuko chekechea. Mke wangu ni fundi cherehani, na siyo kwamba namsifia kwasababu ni wangu, kwa magauni ya harusi na madera mtaani kwetu hana mpinzani, wapo wanaotoka hadi Pangani kumletea vitambaa.

Shida ilianza alipojifungua. Siku ya tano hivi akawa halali, anaongea usiku kucha, anasema mtoto amebadilishwa hospitali huyu siyo wake, mara anasema ameambiwa ampe jina jipya kabla jua halijachomoza, yani vitu ambavyo ukimsikiliza mwili unasisimka. Wazee wakasema kichaa cha uzazi hicho kitapita, akasomewa, tukampeleka hospitali wakamchoma sindano akatulia. Baada ya miezi michache akarudi kuwa yeye kabisa, tukasahau.

Alafu mwaka juzi Ramadhani ikaja. Si unajua mafundi kipindi kile wanavyokesha na nguo za Idi, yeye akawa anashona mpaka daku, anakula daku anaendelea kushona, mi nikirudi safari namkuta macho makavu kabisa na hachoki. Mwanzoni nilifurahi kusema kweli, nikasema mke wangu mpambanaji. Kumbe ndo vinaanza. Akachukua mkopo wa kausha damu bila kuniambia, akanunua vyerehani vitatu na majora ya vitambaa, anasema anafungua kiwanda, nguo za wateja zingine anawagawia watu bure njiani, anaongea harakaharaka huwezi kumkatisha, ukimkatisha anakuwa mkali. Na kuna kijana mmoja anauza vitambaa mjini, Anti hapa ndo panaponiuma, nilikuta meseji kwenye simu yake amemwandikia maneno ambayo mi mwenyewe sijawahi kuandikiwa, na picha amemtumia. Sijui kama waliishia kwenye meseji au la, nilimuuliza akaniangalia tu akacheka.

Baada ya Idi akadondoka. Alilala ndani karibu miezi miwili, haogi, hali, mtoto akimwita hageuki, siku moja akaniambia bora nife mpumzike. Tukaenda hospitali nyingine, daktari akasema ni bipola, akaandika dawa mbili, valproeti na olanzapini, hata dakika tano hazikufika tukawa tuko nje na hatukuelezwa chochote zaidi ya asiache dawa.

Alizitumia akapata nafuu kweli. Ila akaanza kunenepa, asubuhi haamki, na mkono unatetemeka hawezi kutunga uzi kwenye sindano. Akasema hizi dawa zinaniua kazi yangu, akaziacha. Hapo ndo mama yangu mzazi akahamia kwetu, na bila kuniuliza akawa anazisaga anamwekea kwenye uji wa asubuhi. Nilipogundua mama akanambia we kaa kimya, unataka ndoa au hutaki. Nikakaa kimya. Ni miezi kadhaa sasa na kweli mke wangu katulia.

Sasa juzi ananiambia kwa furaha, mume wangu unaona nimepona bila dawa, Mungu mkubwa, mwezi ujao naenda kutoa kijiti tutafute mdogo wake binti yetu. Anti nilikosa pa kuangalia.

Dada zangu wao wanasema hilo ni jini mahaba, nimrudishe kwao nioe mzima. Mi nampenda, ila nimechoka pia, na nikiwa barabarani simu ikiita usiku moyo unaruka. Naomba unisaidie, tuendelee na uji au tuache? Zile meseji ni ugonjwa au ni yeye? Mtoto tuzae, na hatarithi? Na je ni dhambi mtu kuchoka?

Baba Binti, Tanga

---

Marahaba mdogo wangu.

Nimeisoma barua yako yote na nikairudia pale kwenye kijiti, kwasababu hapo ndipo penye haraka kuliko penginepo. Mi siyo daktari, nimemuuguza kwa miaka mingi mdogo wangu wa tumbo moja mwenye bipola hiihii, ugonjwa wa akili unaompandisha mtu juu kupita kiasi alafu unamdondosha chini, na nimekaa kwenye mabenchi ya kliniki za akili kuliko ninavyotaka kukumbuka, kwahiyo nitakwambia ninayoyajua na mengine utayapeleka kwa daktari kama nitakavyokuelekeza.

Tuanze na kijiti. Mkeo asikitoe mwezi ujao. Hiyo valproeti ni moja ya dawa mbaya kabisa kwa mtoto aliyeko tumboni, na hili madaktari wanalijua vizuri, hakuna ubishi. Katika watoto kumi ambao mama zao walikuwa wanaitumia wakiwa na mimba, karibu mmoja anazaliwa na kasoro ya mwili, uti wa mgongo ulio wazi, moyo, mdomo uliopasuka, na watatu mpaka wanne wanakuja kuwa na shida ya kukua akili, kuchelewa kuongea, kushindwa darasani. Na madhara yanaanza wiki za mwanzo kabisa, kabla hata mwanamke hajajua ana mimba. Ndio maana wanawake wa umri wa kuzaa siku hizi wanatakiwa waelezwe haya kabla ya kuandikiwa na wahakikishwe wana uzazi wa mpango. Nyie hamkuambiwa, dakika tano zile hazikutosha, na hilo siyo kosa lenu.

Sasa angalia hapo mlipofika. Mwanamke anadhani hatumii dawa, anaamua kuzaa kwasababu anadhani hatumii dawa, kumbe kila asubuhi anainywa ileile ambayo ingemharibia mtoto, na wanaojua ni wewe na mama yako. Sisemi kwa kukulaumu, mama yako aliona nyumba inaungua akachukua maji aliyoyaona karibu. Ila uji hauwezi kuendelea, na nakupa sababu zingine zaidi ya hiyo ya mimba ili ukienda kuongea na mama uwe nazo.

Binti yenu anakunywa uji gani? Mtoto wa chekechea anayejipakulia kutoka kwenye kikombe cha mama yake akikutana na olanzapini hiyo ni hatari kubwa, atalala asiamke vizuri. Alafu vidonge vingi vya valproeti vimetengenezwa na ganda maalumu visisagwe, ukivisaga vinachoma tumbo na dozi haiendi inavyotakiwa. Leo kamaliza kikombe, kesho kaacha nusu, kesho kutwa kafunga sunnah hakunywa kabisa, kwahiyo mnadhani yuko kwenye dozi kumbe anapanda na kushuka. Na siku atakapojisikia vibaya akaamua kwa akili yake mwenyewe kumeza vidonge vilivyobaki kabatini, anameza juu ya vile vya mama mkwe.

Na hili la mwisho ndo linanitisha mimi kuliko yote. Ugonjwa huu ukipanda sana, mgonjwa anaanza kuona watu wanamdhuru. Mkeo aliwahi kusema mtoto amebadilishwa. Siku akipanda tena akasema "mnaniwekea kitu kwenye chakula", mtamjibu nini? Atakuwa anasema kweli. Ukishafika hapo huwezi tena kumwambia "hiyo ni homa ya akili mke wangu, niamini mimi", na imani yake kwako ndo kitu pekee kitakachomfanya akubali kupanda gari kwenda hospitali siku mbaya.

Lakini usirudi nyumbani ukamwaga uji leo ukadhani umemaliza. Dawa hizi zikikatwa ghafla ugonjwa unarudi kwa nguvu. Fanya hivi. Kabla hujapakia mzigo mwingine nenda wewe kwanza kliniki ya afya ya akili, hapo Tanga mnayo Bombo ambayo ni hospitali ya rufaa ya mkoa, ulizia siku ya kliniki hiyo, umweleze daktari ukweli wote, uji, kijiti, kutetemeka, kila kitu. Andika kwenye karatasi kabisa usitegemee kichwa, daktari akiona karatasi anasoma hata kama ana foleni ya watu arobaini nje. Muulize ni namna gani dawa iendelee siku mtakayomwambia mkeo, na ikitokea akikataa kabisa mfanye nini.

Alafu mwambie mkeo. Wewe, siyo mama, na siyo dada zako. Chagua safari ambayo ukirudi una siku mbili tatu za kukaa, usimwambie jioni alafu asubuhi unawasha gari. Asubuhi akiwa amelala vizuri, mtoto yuko shule, mama umemwomba aende kwa jirani. Mwambie kwa maneno machache: ulipoacha dawa tuliogopa, mama akawa anakuwekea kwenye uji, mi nikajua nikanyamaza, sasa naacha, na nimekwambia kabla hujatoa kijiti kwasababu dawa hiyo siyo nzuri kwa mimba. Atakasirika. Atalia, labda atakataa kula chochote kilichopikwa na mama yako kwa muda, na ana haki. Usijitetee, usimwambie "lakini umeona ulivyotulia". Atakuja kuiona mwenyewe hiyo, na akiiona mwenyewe itamwingia, ukimwambia wewe itakuwa ni masimango. Kuanzia hapo vidonge anameza kwa mkono wake, we au mama mnaweza kumkumbusha tu.

Na sasa tuje kwenye sababu ya yeye kuacha dawa, maana naona watu wote hapo nyumbani mmeichukulia kama ukaidi. Mdogo wangu, fundi asiyeweza kutunga uzi! Hiyo ni kazi yake, ni jina lake mtaani, ni watu wanaotoka Pangani. Kutetemeka mkono ni madhara yanayojulikana ya valproeti, kunenepa na kusinzia asubuhi ni olanzapini inajulikana dunia nzima, na vyote vina namna. Dozi inaweza kupunguzwa, muda wa kumeza unaweza kusogezwa mapema jioni ili asubuhi aamke, dawa inaweza kubadilishwa. Na kwakuwa anataka mtoto, kwa vyovyote vile valproeti inabidi daktari aiondoe taratibu na kuweka nyingine, kwahiyo mnakwenda na maombi mawili yenye jibu moja. Kuna olanzapini yenyewe au ndugu zake ambazo wajawazito wengine wanaendelea nazo, kuna litiamu ambayo ni dawa ya zamani na nzuri sana kwa bipola ila inataka kupimwa damu mara kwa mara na maji ya kutosha mwilini, na nayo kwenye mimba ina masharti yake. Hayo daktari ndo achague. Mkeo aingie chumba cha daktari mwenyewe na aseme mwenyewe "mkono unatetemeka nashindwa kazi". Kwenye hospitali za serikali matibabu ya magonjwa ya akili yapo kwenye huduma za msamaha, ila dirishani mara nyingi utaambiwa dawa hakuna kanunue nje, kwahiyo kabla hamjakubali dawa mpya ulizeni kama inapatikana Tanga na bei yake, dawa nzuri isiyopatikana mwezi wa tatu ni balaa jipya.

Kuzaa mnaweza. Nasema hivyo wazi kwasababu najua mmeanza kuogopa hata kuota. Wanawake wengi wenye bipola wanazaa na wanalea vizuri, ila mimba yao inapangwa na daktari tangu kijiti hakijatoka. Kwa mkeo ambaye ugonjwa ulijitokeza siku ya tano baada ya uzazi, wiki mbili tatu za kwanza ndo za kulinda kama mboni. Kwa mwanamke mwenye bipola uwezekano wa kupata kile mnachokiita kichaa cha uzazi ni kama mmoja kati ya watano, na aliyewahi kukipata ni zaidi ya hapo, wakati kwa wanawake wengine wote ni mmoja au wawili katika elfu. Kwahiyo hospitali atakayojifungulia iwe inajua, na nyumbani usiku mtu mwingine ndo aamke na mtoto, yeye alale. Hapo ndo mama yako atakuwa wa thamani kuliko dhahabu, wanawake wa pwani arobaini wanaijua, mwambie hiyo ndo kazi unayomwomba. Na wewe fuso utalipaki mwezi ule, anza kuweka akiba sasa.

Kurithi, ndiyo kupo kidogo. Mtoto mwenye mzazi mmoja mwenye bipola ana uwezekano wa kama kumi katika mia, wengine kwenye jamii ni mmoja au wawili katika mia. Maana yake watoto tisa kati ya kumi hawaupati. Binti yenu hahitaji kuangaliwa kama bomu, anahitaji kuambiwa kwa lugha ya umri wake kwamba mama alikuwa mgonjwa na halikuwa kosa lake mama asipogeuka akiitwa. Hiyo msiiache. Watoto wanajibebesha.

Meseji sasa. Najua barua nzima umeiandika lakini hapa ndo ulipobonyeza kalamu.

Ugonjwa ukiwa juu, hamu ya mapenzi inapanda sana na ile sauti inayomwambia mtu "hapa simama" inazimika. Wewe ni dereva utanielewa, ni gari lililokatika breki mteremkoni, mwenye usukani ni yeye na gari ni lake, ila huwezi kumuuliza mbona hukusimama. Vilevile alivyochukua kausha damu na kugawa nguo za wateja, ndivyo alivyoandika zile meseji, vimetoka sehemu moja kipindi kimoja. Jiulize mwenyewe, katika miaka yenu saba, akiwa mzima analala vizuri, amewahi kuwa na mambo hayo? Kama hajawahi, jibu unalo. Na kule kucheka kwake ulipomuuliza usikuchukulie kama dharau, mtu aliye juu vile anacheka hata msibani.

Ila mi sitakwambia kwamba kwakuwa ni ugonjwa basi usiumie. Umeumia, picha umeziona kwa macho yako na hazitoki. Una ruhusa ya kumwambia siku moja akiwa sawa, "hili liliniuma", mara moja, kwa utulivu, na kumsikiliza. Wengi wao wakishuka wanakumbuka kila kitu na aibu yake ndo inayowamaliza, sishangai kama ile miezi miwili ya kulala ndani ilikuwa na hiyo aibu ndani yake. Usimwambie akiwa chini amelala. Na usiitunze hiyo simu kama ushahidi wa kutolea siku mkigombana kuhusu ada, futa. Kijana wa vitambaa wewe au shemeji yako mmoja mwenye busara amwambie asimwandikie tena, basi, bila ngumi. Na kwakuwa hujui waliishia wapi na mnataka mtoto, nendeni wote wawili mkapime, virusi vya ukimwi na kaswende, ni sehemu ya maandalizi ya mimba kwa kila mtu kwahiyo hakuna anayenyooshewa kidole.

Kitu ambacho kimenisaidia mimi na mdogo wangu kuliko yote, na natamani mkifanye kabla ya Ramadhani nyingine haijafika, ni makubaliano ya siku za uzima. Mnakaa wawili yeye akiwa mzima kabisa, mnaandika kwenye daftari, na anayeandika awe yeye. Dalili zangu za mwanzo ni zipi? Kwa ulivyosimulia mi naziona tatu, kushona mpaka daku bila kuchoka, kuongelea kiwanda, na kuongea bila kukatishwa. Yeye atakuwa anazijua na zingine ambazo wewe huzijui. Nikionekana hivyo nani aniambie? Hapa kuwa makini, maana wewe uko barabarani siku nne tano kwa wiki, na mama yako kwa sasa hatasikilizwa, kwahiyo achague mtu wake, dada yake, shoga yake wa cherehani, mtu ambaye akimwambia "leo hujalala" hatamrushia kitu. Tunaenda hospitali gani, kwa usafiri wa nani, mtoto analala kwa nani. Simu na hela zikae vipi, labda mkopo wowote wa simu au wa kikundi mpaka wawili mkubaliane, na siku dalili zikianza laini ya pesa anampa dada yake. Hayo akiyaandika mwenyewe siyo kumfunga, ni yeye wa leo anamlinda yeye wa kesho. Na lile deni la kausha damu kama bado lipo lilipeni kwanza kabla ya kitu kingine, anayedaiwa na watu wanaokuja kubeba vyombo hawezi kulala, na asiyelala anarudi kule.

Maana usingizi ndo kila kitu kwenye ugonjwa huu, ni dalili na ni chanzo pia. Msimu wa Idi achukue oda nusu, aweke msaidizi, saa nne usiku cherehani inafunikwa. Kufunga aongee na daktari mapema kuhusu muda wa dawa, na ikiwa atawekwa kwenye litiamu suala la kukaa bila maji mchana kutwa kwenye joto la Tanga ni la hatari kweli siyo mchezo. Mgonjwa Qur'ani yenyewe imempa ruhusa, muulizeni shehe mnayemwamini, atawaambia.

Na shehe huyohuyo kama anamsomea na mkeo anapata faraja, asomewe, mi sina ugomvi na dua. Ila mtu yeyote atakayesema aache dawa, apigwe jini limtoke, afungwe kamba au anyimwe chakula, huyo asivuke kizingiti chako, hata awe analetwa na dada zako.

Siku akisema tena "bora nife", usimwambie nyamaza usikufuru. Muulize wazi, unafikiria kujiua? Umewaza utafanyaje? Kuuliza hakumpi wazo, wanaouguza wote watakwambia kunampunguzia mzigo. Dawa zote zikae kwako au kwa mtu mwingine umpe za siku chache, sumu ya panya na dawa za shamba zitoke nyumbani, asiachwe peke yake, na aende hospitali siku hiyohiyo siyo ukirudi safari. Hivyohivyo akipanda mpaka hajulikani. Mbali na Bombo mna Lutindi kule juu Korogwe, wamekuwa wakilaza wagonjwa wa akili tangu enzi za Wajerumani, na kwa hali nzito sana kuna rufaa ya Mirembe Dodoma. Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 inawaruhusu ndugu kuomba mgonjwa alazwe hata kama yeye hataki, kwahiyo hamna haja ya kamba. Na ikifika siku ameshika kisu au panga, chukua mtoto utoke, uite watu, usibaki pale kuthibitisha upendo.

Kuchoka siyo dhambi. Anayeuguza anachoka, na asiyesema amechoka anaanza kuropoka au anaanza kutafuta safari ndefu zaidi ya lazima, wanaume wengi ndo wanavyofanya, ujiangalie hapo. Tafuta rafiki mmoja umwambie kama ulivyoniandikia mimi. Na ulale, tafadhali, dereva wa fuso anayewaza simu ya usiku ni hatari kwake na kwa wenzie barabarani, simu za usiku ziende kwanza kwa yule mtu wake wa karibu, zikufikie wewe zikishindikana.

Dada zako waambie kwa heshima kwamba mkeo ana ugonjwa unaotibika na hujaomba ushauri wa kuoa. Kama wanataka kusaidia waje wafue siku ambazo haamki. Hata Sheria ya Ndoa ya 1971 inayotumika nchini, ikitaja ugonjwa wa akili kama ushahidi kuwa ndoa imevunjika, inataka madaktari wawili au zaidi na mmoja wao awe mtaalamu wa akili, wathibitishe hawana tumaini la mtu huyo kupona, na mwanamke anayeshona magauni ya harusi miezi kumi ya mwaka hayuko huko kabisa. Siku ukiona kweli huwezi tena, utaamua kama mtu mzima, ukikaa naye na ndugu zake na mtoto akiwa na mpango, na hutakuwa mtu mbaya. Ila barua uliyoniandikia siyo ya mtu anayetaka kuondoka.

Kliniki kwanza. Ukitoka huko niandikie daktari kasema nini kuhusu valproeti, na kama kaibadilisha.

Anti wako